Maalim aliuliza kama waliomba

Alasiri moja barazani kwetu Kikwajuni, Zanzibar, mpwa wangu aliweka spika ndogo juu ya saruji na kupiga albamu ya De La Soul, kundi la hip hop la Marekani, ile ya mwanzo kabisa, *3 Feet High and Rising*. Yeye na wenzake wawili aliosoma nao skuli wana kundi lao, na wanamalizia albamu yao ya kwanza. Alitaka nisikie walikochota. Maalim naye alikuwa amekaa pale na kikombe chake cha kahawa.

Maalim ni mpiga fidla wa taarab. Vidole siku hizi haviendi kama zamani, lakini sikio lake bado ni lile lile. Alisikiliza nyimbo mbili tatu bila kusema neno. Ulipofika "Eye Know", na ule mluzi ukaingia, akainua kidole.

"Huyu anayepiga mluzi ni katika wao?"

"Hapana, Maalim. Huyo ni Otis Redding. Alikufa mwaka 1967."

"Na hilo gita?"

"La kundi jengine, Steely Dan. Wamelikata kwenye santuri."

Maalim akanywa fundo la kahawa.

"Waliomba?"

Mpwa wangu akanitazama mimi, maana mjomba ndiye niliyemlea na muziki huu. Nilisema kitu kuhusu sheria za Marekani, Maalim akaitikia kwa adabu, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Lakini swali lilibaki na mimi. Nimekwenda nalo kazini, nimelala nalo, nimeamka nalo wiki baada ya wiki.

Dakika moja na kidogo

Kisa chenyewe wapenzi wa hip hop wanakijua, nami sitakisimulia chote. Posdnuos, Trugoy na Maseo, ndio De La Soul wenyewe, walikuwa vijana wa Amityville, Long Island. Mtayarishaji Prince Paul akawashika mkono studio, na mwaka 1989 kampuni ya Tommy Boy ikatoa albamu iliyoshonwa kwa vipande vya santuri za watu, makumi kwa makumi: Funkadelic, Hall & Oates, hata wimbo wa televisheni wa kuwafundisha watoto hesabu. Jina lenyewe la albamu limetokana na wimbo wa Johnny Cash.

Mna kipande kimoja kifupi mle, "Transmitting Live from Mars". Sauti kutoka santuri ya kufundishia Kifaransa inazungumza, na chini yake muziki mzito unakwenda taratibu. Muziki huo umetoka katika "You Showed Me", wimbo wa The Turtles wa mwaka 1968, ukapunguzwa kasi. Hakuna anayechana mistari pale. Kinapita dakika moja na kidogo, kimekwisha. Kampuni ilikuwa imeomba ruhusa kwa vipande kadhaa vya albamu ile, lakini hicho haikukiombea.

The Turtles wakashtaki. Madai yaliyotangazwa yalikuwa dola milioni 1.7, na mwisho pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Kisha Desemba 1991, katika kesi nyengine kabisa, ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan dhidi ya rapa Biz Markie aliyekata wimbo wake, jaji wa New York alifungua hukumu yake kwa amri ya Taurati: usiibe. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei na wakili wake. Albamu yenye vipande makumi kwa makumi ikawa kazi ya tajiri, na vijana wa umri wa mpwa wangu hawakuwa matajiri, si Amityville wala Kikwajuni.

Hayo nilikuwa nayajua. Lililonikaa kifuani ni lile lililokuja baadaye.

Ruhusa chache zilizokuwa zimeandikwa zilitaja santuri na kanda. Intaneti haikutajwa, kwa sababu nani mwaka 1989 angeitaja? Muziki ulipohamia kwenye simu, albamu ile ikabaki nje ya mlango. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika hazina ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na wakati huo huo kijana aliyeitafuta kwa njia halali mtandaoni hakuipata. Februari 2014 kundi lenyewe lilichoka kungoja, likagawa nyimbo zake bure kwa saa 25. Ilipofika 3 Machi 2023 ndipo albamu ikaingia rasmi kwenye majukwaa ya kusikilizia. Trugoy alifariki 12 Februari mwaka huo huo.

Hakuiona siku ile.

Mimi niliisikia kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyengine, mapovu ya sauti yakiwa mengi kuliko besi. Mpwa wangu amekua bila ya kuwa nayo. Alipoipata alikuwa tayari ana ndevu. Nikifikiria kundi lililopigania kusikika, halafu likafungiwa nje ya zama nzima kwa sababu ya karatasi, naona hasara ile inatuhusu hata sisi tulio mbali.

Walivyopokewa

Waandishi waliipenda mno. Kura ya wahakiki wa Marekani iliyoendeshwa na gazeti la Village Voice iliiweka ya kwanza kwa mwaka 1989, na NME la Uingereza likafanya hivyo hivyo. Mwaka ule ule ikapata hadhi ya dhahabu, na mwaka 2000 ikatimiza nakala milioni moja Marekani.

Lakini tazama walichokipenda. Jalada lilikuwa na rangi kali na maua, basi wakaitwa mahipi, watoto wa maua, rapu ya watu wapole. Vijana wenyewe walikataa jina hilo kwa nguvu. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1991, ilitangaza kwenye jina lake kwamba De La Soul wamekufa, na jalada likaonyesha chungu cha maua kilichopinduka na kuvunjika.

Naielewa hasira hiyo. Kijana wa Zanzibar akichana mistari mbele ya wageni, macho yanamtafutia kofia na mlango wa nakshi. Wenzetu X Plastaz wa Arusha nao walijulikana ng'ambo kwa Umaasai kwanza, mistari baadaye. Na kwa upande wa pili, nyumbani, wazee wengi walioipokea rapu miaka ya tisini waliipokea kwa neno moja: uhuni. Anayesifu anatazama nguo, na anayelaumu anatazama nguo hizo hizo.

Maalim hakutazama nguo. Ndiyo maana swali lake lilinielemea. Alikwenda moja kwa moja kwenye kazi yenyewe, na akauliza jambo ambalo wahakiki wa 1989 wengi hawakuliuliza.

Hoja niliyokuwa nimeiandaa

Nilikuwa na jibu, na nililiona zuri. Nilitaka kumwambia: Maalim, na nyinyi je?

Taarab yetu imeanza kwa kuchota. Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na kwa miongo mizima masikio ya wapigaji wake yalikuwa Misri. Siti binti Saad wa Fumba alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alikwenda na Kiswahili chake, lakini udi na fidla vilivyomsindikiza vilikuwa na nasaba ndefu ya baharini. Baadaye zikaja sauti za filamu za Kihindi zikitiwa maneno ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa akalifanya hilo kwa ustadi ambao sijasikia mfano wake. Hakuna aliyemwita mwizi. Watu walilia kwa nyimbo zile, na bado wanalia.

Na rapu ya Kiswahili? Mwaka 1991 Saleh Jaber alichana Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, na mdundo ule wenyewe besi yake imetoka kwa Queen na David Bowie. Tulianza kwa kuazima kilichokwisha kuazimwa. Sioni aibu hapo. Naona njaa ya kusema, na kijana aliyekamata chombo kilichokuwa karibu.

Basi hoja ilikuwa imekamilika. Ilinibidi tu nimpate Maalim mahali penye utulivu.

Kabla sijampata, nikaenda harusini.

Kidumbak

Ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Fidla moja, sanduku la kupigia besi, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbak, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonga. Nimekisikia kidumbak, taarab ya uani, tangu sijaota meno, lakini safari hii nilisikiliza kama mtu anayetafuta kitu.

Wapigaji walichukua beti kutoka wimbo wa klabu moja ya taarab, ule ambao kila mtu anaujua kwa mwendo wa taratibu, wakautia kasi. Kabla haujakwisha wakaunga na kiitikio cha wimbo wa klabu nyengine. Wanawake wakapiga vigelegele. Fidla ikarudia kipande kimoja kidogo mara nyingi, kile tu kinachowafanya watu wazungushe viuno, sehemu nyengine za wimbo zikaachwa. Halafu wakaunga tena. Hakuna kupumzika, hakuna kutangaza jina la wimbo, saa nzima.

Wanakata. Wanaunga. Wanarudia.

Nilisimama pale nikamfikiria Prince Paul na mashine zake. Anachokifanya ni hiki. Kipande kizuri kinatolewa kwenye nyumba yake, kinazungushwa, kinakutanishwa na kipande ambacho hakijawahi kuonana nacho, na watu wanainuka. Huku Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, tumekuwa na ufundi huu muda mrefu kabla ya mashine ya kukatia sauti kuzaliwa. Na si ufundi wa pembeni: Makame Faki, mwimbaji mkubwa wa Culture Musical Club, anajulikana vile vile kwa kidumbak cha Sina Chuki. Mtu huyo huyo, jukwaani na uani.

Furaha niliyokuwa nayo usiku ule ilikuwa kubwa. Asubuhi yake ikapungua.

Maana niliona tofauti. Kidumbak kinapochukua wimbo wa klabu, mwenye wimbo yuko hapa hapa. Klabu iko Vuga, klabu iko Kokoni, harusi iko Kikwajuni. Aliyetia muziki anaweza kuwa amekaa kwenye mkeka ule ule akila biriani. Akifurahi atacheka, akiudhika atasema kesho barazani, na mpigaji atakutana naye msikitini. Kuna kuazima ambako kunapiga hodi bila ya kutamka hodi, kwa sababu mwenye nyumba amekaa kizingitini anakuona unavyoingia.

The Turtles walikuwa mbali. Walikuwa kama wafu kwa vijana wa Amityville, majina kwenye karatasi ya santuri ya zamani. Halafu wakasikia.

Na leo, wimbo wa mpwa wangu ukipanda mtandaoni saa mbili usiku, saa mbili na dakika moja uko Muscat, uko London, uko Toronto, kwenye simu ya mtoto wa marehemu fulani ambaye anaijua fidla ya baba yake. Hakuna tena aliye mbali. Hapo hoja yangu nzuri ya Misri na India ikaanza kuyumba.

Nilipomwendea

Nilimwendea Maalim nyumbani kwake baada ya magharibi, pamoja na mpwa wangu. Nikamuuliza kama nilivyokusudia, kwa heshima: nyinyi mliomba?

"Hatukuomba," akasema. "Nani angemfikia Abdulwahab kule Misri? Lakini mwanangu, hakuna aliyesimama akasema sauti hii ni yangu. Ukumbi mzima ulijua ni ya Abdulwahab, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yao, kuona kama tutaiweza. Tukiisikia redioni usiku, tukikosa kipande, tukingoja mpaka irudi tena. Tuliihangaikia."

Kisha akasema kwamba kukata hakuna mahangaiko. Mtu anabonyeza tu.

Hapo nilimpinga, na bado nampinga. Kuchukua sekunde mbili za Johnny Cash ukaziweka jirani na ngoma za mtu mwengine zikakubaliana ni kazi ya sikio, na sikio halinunuliwi dukani. Maalim alinisikiliza, hakushawishika. Tukaliacha hapo.

Mpwa wangu akatoa simu. Akampigia wimbo wao wa nne, ule ambao sikuwa nimeusikia. Ndani yake mna fidla, sekunde chache tu, zinazunguka chini ya mistari yote. Waliikata kwenye kanda ya zamani ya marehemu bibi yake, kanda isiyo na jalada.

Maalim alisikia mzunguko mmoja. Akataja jina la mpigaji.

Hakusita. Alikuwa rafiki yake, walikaa viti vya jirani. Alimjua kwa namna anavyoburura upinde kabla ya kuuinua.

"Mmemkata kabla hajarudi," akasema. "Hapa alikuwa anarudi kwenye sauti ya mwanzo. Mmemwacha njiani."

Mpwa wangu, na hapa nilijivunia kuwa mjomba wake, hakuomba radhi wala hakubisha. Akasema, "Tumefanya makusudi, Maalim. Kwa sababu harudi, msikilizaji anangoja. Anangoja wimbo mzima. Na maneno yetu ni ya mtu aliyeondoka akasema anarudi."

Maalim akataka apigiwe tena. Akapigiwa. Kidole chake kikawa kinagonga goti.

"Basi waambieni watu kwamba ni yeye," akasema.

Nani wa kuombwa

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na hapo ndipo nataka tuzungumze sisi wapenzi wa muziki wa visiwa hivi.

Sheria tunayo. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo. Lakini wimbo mmoja wa taarab una watu wangapi? Yuko aliyetunga shairi. Yuko aliyetia muziki. Yuko aliyeimba. Iko klabu, ambayo mara nyingi ndiyo watu wanayoijua kuwa mwenye wimbo. Na yuko mpiga fidla ambaye usiku ule, kwenye mapumziko baina ya beti na beti, alipiga kitu ambacho hakikuandikwa popote na ambacho ndicho hasa kilichomshika kijana miongo kadhaa baadaye. Kwenye kanda nilizonazo nyumbani, jina la mpiga fidla halipo hata kwenye moja.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuomba, aombe kwa nani? Angekuwa hana Maalim barazani, angejuaje?

Mfano wa furaha tunao. Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab, alipoingia na kundi la vijana la Offside Trick katika wimbo wa "Ahmada", hakukatwa kwenye kanda. Alikuwepo mwenyewe, sauti yake, pumzi yake, na jina lake likatangulia pamoja na lao. Cool Para naye alipochanganya taarab na rapu alikuwa akichota kwenye kisima cha mtaa wake, na waliomsikia walikijua kisima. Lakini wapigaji wengi wa kizazi cha Maalim hawapo tena, na waliobaki hakuna anayewaweka mbele ya spika kuwauliza: huyu nani? Hii fidla ya nani? Kila mwaka majina yanapungua. Kanda ziko redioni Rahaleo, ziko kwenye klabu, ziko chini ya vitanda vyetu zikila unyevu. Watu wanaoweza kuzitia majina wamekaa barazani wanakunywa kahawa.

Nina hasira na jambo hili, na sitaipunguza. Vijana wakikata bila kuomba tutawaita wezi, na tumewaachia kanda zisizo na majina.

Jalada

Rasimu ya jalada ya kundi la mpwa wangu ilikuwa imeandika, kwenye wimbo wa nne, "fidla: muziki wa asili wa Zanzibar". Niliwaambia hapana. Wenzake wawili walishangaa, waliona ni heshima. Tulibishana mpaka usiku. Mmoja alisema kila mtu anaandika hivyo, na kweli, wengi wanaandika hivyo, na kwa kuandika hivyo fidla ya mtu mmoja aliyeishi Ng'ambo, aliyekuwa na mke na watoto na deni la duka, imekuwa mali ya hewa.

Mjane wake yupo Wete kwa mtoto wake wa mwisho. Maalim alikuwa na namba ya jirani. Mpwa wangu atapanda boti kwenda Pemba na wimbo kwenye simu, amkalishe bibi yule, ampigie, amwambie walichokata na kwa nini hawakumwacha arudi. Anaogopa. Nimemwambia ana haki ya kuogopa, na aende.

Akikataa, wimbo unatoka katika albamu; hilo wamekubaliana wote watatu, ingawa ndio wimbo wao bora. Mimi ningependelea wamtafute mpigaji mwengine aipige upya, wao wanasema huo utakuwa wimbo mwengine, na nadhani wanajua kuliko mimi. Akikubali, jina la mumewe litakwenda jalada la mbele pamoja na yao, na fungu lake litaandikwa kwenye karatasi, likitaja kanda, sidii, simu na chochote kitakachobuniwa baadaye, kabla wimbo haujapanda mtandaoni.